Vijiti vyote vya netiwaki vipo, mbona malipo yamekwama?

Uko dukani. Umeweka nambari ya tili, ukaandika shilingi 1,850, ukaweka nambari yako ya siri. Halafu kimya. Hakuna ujumbe. Unaangalia juu ya simu na vijiti vya netiwaki vimejaa, vyote vinne. Mwenye duka anakuangalia, watu wa foleni wanakuangalia, na kidole chako kinawasha kubonyeza tena.

Ngoja kwanza. Vijiti hivyo vinapima kipande kimoja tu cha safari ya pesa yako. Kuna kipande kingine usichokiona, na sehemu nyingi hupita hewani kwa mwale mwembamba ambao lazima ulengwe sawasawa, la sivyo ujumbe wako unapotea njiani. Leo tunaongea kuhusu mwale huo: unalengwaje, unaharibikaje, na kwa nini ukiuelewa hutalipa kitu kimoja mara mbili.

Safari ina vipande viwili

Kipande cha kwanza ni kutoka kwa simu yako hadi mnara ulio karibu, ama busta kama wengi wetu tunavyouita. Hapa mawimbi husambaa kwa upana. Mara nyingi antena za mnara hugawanya eneo mara tatu, kila sehemu ikiwa kama digrii 120, kama chapati iliyokatwa vipande vitatu. Simu yako nayo hutuma karibu kila upande, kama balbu inavyomulika chumba. Ndio maana huhitaji kuielekeza simu mahali fulani ndio ushike netiwaki. Vijiti vinakuambia mnara huo unasikika vizuri kiasi gani kwako. Basi, hapo ndipo kazi yao inaishia.

Kipande cha pili ni kutoka kwa mnara hadi kwenye kompyuta zinazotunza akaunti yako. Mnara hauna pesa zako, ni mjumbe tu. Minara mingine imeunganishwa na faiba iliyofukiwa ardhini. Mingine, hasa mahali ambapo kuchimba mtaro ni ghali ama kuna mabonde na milima katikati, hutumia madishi.

Siku moja ukipita karibu na mnara, tazama juu vizuri. Utaona antena ndefu na bapa, kama mbao zilizosimamishwa. Hizo ndizo zinaongea na simu zetu. Utaona pia vitu vya duara vinavyofanana na ngoma. Hizo ngoma haziongei na simu yako hata kidogo. Kila moja inaongea na ngoma nyingine kwenye mnara mwingine, kilomita kadhaa mbali, na mnara huo unapokeza kwa mwingine, mpaka ujumbe ufike palipo na faiba.

Mwale kati ya ngoma mbili ukikatika kabisa, minara mingi huacha kutoa huduma na simu yako inatafuta mnara mwingine. Hapo angalau unajua kuna shida. Ujanja uko pale ambapo mwale umedhoofika bila kukatika. Mnara uko, stima iko, vijiti vimejaa, kumbe barabara ya nyuma imejaa mashimo. Ujumbe mmoja unapita, mwingine unachelewa, mwingine unapotea.

Kwa nini mwale uwe mwembamba hivyo?

Hebu fikiria tochi na balbu. Ukitaka kumulika sebule, unatumia balbu. Ukitaka kuona kitu kilicho upande wa pili wa shamba, unatumia tochi, kwa sababu inakusanya mwanga wote na kuutuma upande mmoja. Dishi la mnara linafanya kazi ya tochi. Nguvu kidogo inafika mbali, na haiwasumbui majirani wanaotumia masafa hayo hayo.

Wembamba wa mwale unategemea vitu viwili: urefu wa wimbi na upana wa dishi. Masafa yakipanda, wimbi linakuwa fupi. Wimbi la megahazi 900, linalotumiwa na simu za kawaida, lina urefu wa kama sentimita 33, kuzidi rula ya shule kidogo tu. Wimbi la gigahazi 18, linalotumika sana kati ya minara, ni kama sentimita 1.7. La gigahazi 80 halifiki hata milimita 4.

Mafundi wana hesabu ya haraka: zidisha 70 kwa urefu wa wimbi, kisha ugawanye kwa upana wa dishi. Jibu ni upana wa mwale kwa digrii. Dishi la sentimita 60 kwenye gigahazi 18 linatoa mwale wa karibu digrii 2. Dishi hilo hilo kwenye gigahazi 80 linatoa mwale wa karibu nusu digrii, sawa na upana wa mwezi mpevu unavyoonekana kutoka hapa chini.

Unataka kujua digrii moja ni ndogo kiasi gani? Nyoosha mkono wako mbele na uinue kidole kidogo cha mwisho. Upana wa kidole hicho, ukikitazama hivyo, ni kama digrii moja. Sasa chukua minara miwili iliyo umbali wa kilomita 10. Ukikosea digrii moja tu upande huu, katikati ya mwale wako inapita mita 175 kando ya mnara wa pili. Kosa la unene wa kidole linakuwa zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira.

Fundi wa dishi unamjua tayari

Kama kwenu mna dishi la TV, umeona kazi hii ikifanywa. Mtu mmoja juu ya mabati, mwingine sebuleni mbele ya skrini. "Imeshika?" "Bado!" "Sasa je?" "Rudisha kidogo!" Dishi la sentimita 90 kwenye gigahazi 12 lina mwale wa karibu digrii 2, na linatafuta setilaiti iliyo kama kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kuna setilaiti ya televisheni iliyo kwenye digrii 36 mashariki, na Nairobi iko karibu digrii 37 mashariki, hatua chache kusini mwa ikweta. Kwa hivyo dishi linaloitazama ukiwa Nairobi linaangalia karibu juu kabisa, kama bakuli linalosubiri mvua.

Lakini fundi wa TV ana nafuu moja: setilaiti iko palepale, yeye anasogeza upande mmoja tu. Kati ya minara, pande zote mbili lazima zilengwe. Fundi mmoja yuko juu ya mnara huu, mwenzake yuko juu ya mnara ule, na hata wakipunga mikono hawaonani.

Wanalengaje basi?

Kazi inaanza kwenye ramani. Wanachukua mahali halisi pa kila mnara kwa GPS, wanapiga hesabu ya upande wa kuelekea na mwinamo wa juu ama chini, na wanahakikisha hakuna kilima wala jengo katikati. Wanapiga pia hesabu ya nguvu inayotarajiwa kufika upande wa pili kama kila kitu kiko sawa. Nambari hiyo ni muhimu sana, tutairudia hivi karibuni.

Wakishapanda, wanafunga madishi yakielekea takriban pale panapohitajika. Dira ya sumaku si ya kuaminiwa sana wakiwa juu ya mnara, kwa sababu chuma kingi kilicho hapo kinaivuta. Wengi hutumia alama ya mbali inayojulikana, ama darubini ya kulenga iliyofungwa kwenye dishi.

Kisha wanalenga kwa utaratibu. Upande mmoja unakaa kimya kabisa, haugusi kitu. Upande wa pili unaunganisha kipimo kwenye redio ya dishi, ambacho kinaonyesha nguvu ya mawimbi inayoingia, halafu unazungusha dishi polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Nguvu inapanda, inafika kilele, inashuka. Wanarudi kwenye kilele. Baadaye wanafanya hivyo hivyo juu na chini. Wakimaliza, wanabadilishana zamu: huyu anatulia, yule anazungusha. Wakati mwingine wanarudia mizunguko miwili ama mitatu mpaka nguvu isipande tena.

Hata kukaza bolti ni kazi ya subira. Ukikaza moja kwa nguvu, dishi linaweza kuhama kidogo. Kwa hivyo wanakaza wakiwa wameikodolea macho ile nambari ya kipimo.

Mtego wa mwale wa pembeni

Sasa tufike kwenye kitu kinacholeta shida nyingi. Hakuna dishi linalotoa mwale mmoja safi. Pembeni mwa mwale mkuu kuna miale midogo dhaifu, kama mwanga hafifu unaoonekana kuzunguka duara kali la tochi. Mwale wa pembeni unaweza kuwa dhaifu mara 100 ama zaidi kuliko mkuu, lakini bado ni mwale, na bado unapimika.

Fundi mwenye haraka anazungusha dishi, kipimo kinapanda kisha kinashuka, naye anasema "Hapo!" na kukaza. Kumbe ameshika mwale wa pembeni. Na kwa siku hiyo, jua likiwaka, kila kitu kinafanya kazi. Simu zinapigwa, malipo yanapita, watu wanashuka mnara na kwenda zao.

Ndio maana fundi mzuri huzungusha dishi mbali zaidi mpaka aone vilele vitatu: kidogo, kikubwa, kidogo. Anachagua cha katikati. Halafu analinganisha na ile nambari iliyopigiwa hesabu kwenye ramani. Kama kipimo kiko chini mno, hakai na matumaini. Anaanza tena.

Mvua, upepo na mikaratusi

Kwa nini haya yote yakuhusu? Kwa sababu njia hizi hujengwa na akiba. Mwale uliolengwa vizuri unafika ukiwa na nguvu kuliko inayohitajika siku ya kawaida, ili mvua ikija ikule akiba hiyo na huduma isikatike. Mawimbi ya juu ya gigahazi 10 huumizwa na mvua, kwa kuwa matone ya mvua ni ya milimita kadhaa na wimbi lenyewe ni la sentimita chache ama chini ya hapo. Masafa yakizidi kupanda, mvua inauma zaidi.

Mwale uliolengwa vibaya hauna akiba. Umeitumia yote siku ya kwanza. Kwa hivyo unafanya kazi Januari na Februari, halafu masika ya Machi ikianza, kila alasiri malipo yanaanza kukwama. Redio nyingi za kisasa hujaribu kujiokoa kwa kupunguza kasi badala ya kukatika, lakini hapo foleni ya ujumbe inakuwa ndefu, na ombi lako linaweza kuisha muda likiwa bado linasubiri.

Upepo nao unatikisa mnara. Kwa mwale wa digrii 2, mtikisiko mdogo haujalishi sana. Kwa mwale wa nusu digrii, unajalisha, na ndio sababu masafa ya juu kabisa yanahitaji mlingoti usioyumba.

Halafu kuna miti. Mwale hauhitaji tu mstari ulionyooka kama uzi. Unahitaji nafasi kuuzunguka, na nafasi hiyo hunenepa katikati ya njia. Kwa kilomita 10 kwenye gigahazi 18, nafasi hiyo ni kama mita 6.5 kila upande pale katikati. Mikaratusi iliyopandwa kando ya shamba inakua haraka. Mwaka huu haigusi kitu, miaka michache baadaye matawi yamo ndani ya njia ya mwale. Mjini, kazi hiyo hufanywa na ghorofa jipya.

Na 5G je?

Kwenye 5G, kulenga hakuachiwi tena fundi mwenye spana peke yake. Antena zenyewe hulenga kwa umeme, bila kitu chochote kuzunguka.

Siri iko kwenye kupanga muda. Fikiria safu ya antena ndogo zinazotuma wimbi moja kwa pamoja. Zikituma kwa wakati mmoja, mawimbi yanajumlika na kwenda mbele moja kwa moja, kama watu wanaosukuma matatu iliyokwama na wote wanasukuma kwa mpigo mmoja. Za kushoto zikianza mapema kidogo kuliko za kulia, mwale unainama kulia. Ukibadilisha tofauti hiyo ya muda, unaelekeza mwale utakako. Kwenye gigahazi 28, antena hizo hukaa umbali wa kama milimita 5 tu, kwa hivyo antena 64 za safu nane kwa nane zinaenea mahali padogo kuliko kadi ya ATM.

Lakini simu iko mfukoni, inatembea. Mnara utajuaje uelekeze wapi? Unapekua. Kanuni za kimataifa za 5G zinaruhusu mnara wa masafa ya juu ya gigahazi 24 kutuma hadi miale 64, mmoja baada ya mwingine, ndani ya milisekunde 5. Simu inapima kila mmoja, inachagua uliosikika vizuri zaidi, kisha inajibu kwa wakati unaolingana na mwale huo. Mnara unaelewa: huyu yuko upande ule. Mchezo ni ule ule wa "Imeshika?" "Bado!", ila sasa unachezwa kasi kuliko kufumba jicho. Ukifunika antena kwa mkono ama ukigeuka, mwale unaweza kupotea, na upekuzi unaanza tena.

Tuseme ukweli hapa: hauhitaji simu ya 5G ndio malipo yako yapite. Menyu ya kubonyeza nyota na alama ya reli hutuma maandishi yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja. Ni mzigo mdogo sana. Netiwaki ya zamani inaubeba bila shida, mradi barabara ya nyuma ya mnara iko salama.

Sasa turudi kwa pesa yako

Hili ndilo jambo kuu la leo. Ujumbe wa malipo unaweza kupotea mahali pawili. Unaweza kupotea ukienda: kompyuta hazikupata ombi, pesa haijatoka. Ama unaweza kupotea ukirudi: ombi lilifika, pesa imetoka, ila jibu limekwama njiani. Kwenye simu yako, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Zote ni kimya. Na kwa mfumo, ukibonyeza mara mbili huenda ikahesabiwa kuwa umelipa mara mbili.

Kwa hivyo fanya hivi:

Usirudie malipo kabla ya kuangalia. Fungua salio lako kwanza, halafu orodha ya miamala. Salio likiwa limepungua, pesa imetoka, subiri ujumbe.

Kama hata salio halifunguki, hiyo ni ishara kwamba barabara ndiyo mbovu, si malipo yako. Kurudia hakutasaidia. Subiri dakika chache ujaribu salio tena.

Vijiti vikiwa vichache, sogea, toka nje, panda mahali pa wazi. Vikiwa vimejaa na bado hakuna kitu, kuzunguka ndani ya duka hakusaidii, kwa sababu shida iko nyuma ya mnara. Jaribu njia nyingine: kama kuna waifai unayoiamini, tumia programu ya simu kupitia hapo.

Kama wewe ndiwe muuzaji, usiachilie bidhaa kwa maneno ya "netiwaki iko chini lakini pesa imetoka". Huenda mteja anasema kweli. Huenda pia ni mkora. Usiangalie ujumbe kwenye simu yake, kwa sababu ujumbe unaweza kutengenezwa. Angalia salio la tili yako mwenyewe.

Andika saa, kiasi na nambari uliyokuwa ukilipa. Ukipiga huduma kwa wateja, hizo tatu zinatosha kuanza kutafuta muamala.

Na la mwisho: hakuna muamala uliokwama unaofunguliwa kwa nambari yako ya siri. Netiwaki ikisumbua ndio wakora huamka, wanakupigia wakijifanya wanakusaidia. Anayekuuliza nambari ya siri, mkatie simu.

Mafundi watapanda, watazungusha dishi, watatafuta kilele cha katikati. Hiyo ni kazi yao. Yako ni kuangalia salio kwanza, kisha kuamua.